Chama Kilipoishika Sharia: Sudan, 1983 hadi 2019

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mashekhe wetu, walimu, akina mama, vijana, na ninyi wenzetu msiokuwa Waislamu mliokuja kusikiliza, karibuni nyote.

Mada niliyopewa ni uhusiano wa dini ya Kiislamu na siasa inayojiita ya Kiislamu. Ikizungumzwa kijumla hubaki hewani, na kila mtu huondoka na alichokuja nacho. Kwa hiyo nitaibana kwenye nchi moja, Sudan, na kipindi kimoja, kuanzia Septemba 1983 hadi Aprili 2019. Kule harakati haikuishia kwenye vitabu wala kwenye upinzani. Ilishika jeshi, mahakama, benki, vyuo na televisheni, kwa hiyo tuna matendo ya kupima, si ahadi tu. Tena Sudan si mbali nasi. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamesoma Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichoko Khartoum. Mkataba uliomaliza vita vya kusini mwa nchi hiyo ulijadiliwa Machakos na Naivasha. Na Osama bin Laden aliishi Khartoum tangu 1991 hadi 1996, miaka miwili kabla ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam.

Kwanza tuyaweke kando yasiyohusika. Muislamu kugombea ubunge hakumfanyi kuwa mfuasi wa itikadi ninayoizungumzia. Kadhi kuamua ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali wenyewe kwenda mbele yake, kama ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya inavyosema, si Uislamu wa kisiasa. Imamu anayemkemea waziri mwizi siku ya Ijumaa anafanya kazi yake ya tangu enzi.

Ninachokiita Uislamu wa kisiasa ni itikadi inayosema mambo matatu kwa pamoja. Kwamba dini isiyo na dola ni dini pungufu. Kwamba dola hiyo itajengwa na kundi lililojipanga, liwe chama au harakati. Na kwamba kundi hilo ndilo lenye neno la mwisho juu ya nini ni Uislamu katika mambo ya utawala, hivyo anayelipinga ameipinga dini. Jambo la kwanza linajadilika, na wanazuoni wamelijadili sana. La pili ni siasa kama siasa nyingine. La tatu ndilo lililomwaga damu.

Itikadi hii si kongwe kama wafuasi wake wanavyodhani, wala kama wapinzani wake wanavyodai. Bunge la Uturuki liliufuta ukhalifa tarehe 3 Machi 1924. Miaka minne baadaye Hassan al-Banna alianzisha Ikhwani Muslimina (Muslim Brotherhood) katika mji wa Ismailia, Misri, pembeni mwa Mfereji wa Suez, mahali ambapo kampuni ya kigeni ilikuwa na nguvu kuliko serikali ya nchi. Mwaka 1941 Abul A'la Maududi alianzisha Jamaat-e-Islami huko Lahore. Al-Banna alikuwa mwalimu wa shule. Maududi alikuwa mwandishi wa magazeti. Sayyid Qutb, aliyenyongwa na serikali ya Nasser mwezi Agosti 1966, alikuwa mtu wa fasihi na elimu. Hawakuwa mashekhe wa kukaa miaka kwenye darsa za fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, na hilo linaeleza mengi. Walisoma Qur'ani kwa macho ya watu walioona dola za kisasa, vyama vya kisasa na udhalili wa ukoloni, wakatafuta ndani yake mpango wa dola.

Neno lao kubwa lilikuwa kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Aya zipo. Lakini kauli hiyo ilishatumika mapema mno, baada ya vita vya Siffin mwaka 657, pale Makhawariji, kundi lililojitenga na Sayyidna Ali, walipoikariri mbele yake. Jibu la Ali linajulikana kwa kila aliyesoma historia: ni neno la haki linalokusudiwa batili. Hakuikana aya. Aliuliza ni nani atakayesimama na kuisema kwa niaba ya Mungu.

Hapo pana jambo la kiufundi ambalo watu wengi hulipita. Kwa karne nyingi sharia haikuwa kitabu cha vifungu kilichotungwa na mtawala. Ilikuwa elimu ya mafakihi, yenye madhehebu, hitilafu na kauli mbili tatu katika suala moja. Sultani alimteua kadhi na angeweza kumfukuza, lakini hakuwa na uwezo wa kuandika fikihi. Dola ya kisasa haifanyi kazi hivyo. Inahitaji vifungu vyenye namba, adhabu moja kwa kosa moja, na saini ya rais. Siku sharia inapoingizwa kwenye mashine hiyo, mwenye kuchagua kauli ipi iandikwe na masharti yapi yaachwe si fakihi tena. Ni yule aliyeshika kalamu ikulu.

Kalamu ya Sudan ilikuwa mkononi mwa Jaafar Nimeiri. Aliingia kwa mapinduzi tarehe 25 Mei 1969 akiwa mtu wa mrengo wa kushoto. Mwaka 1970 alikishambulia Kisiwa cha Aba, ngome ya Ansari, wafuasi wa ukoo wa Mahdi. Mwaka 1971 akawanyonga viongozi wa kikomunisti waliokuwa washirika wake. Mwaka 1977 akapatana na wapinzani, na mwaka 1979 Hassan al-Turabi, kiongozi wa harakati ya Kiislamu, akawa Mwanasheria Mkuu wa serikali. Turabi alizaliwa Kassala mwaka 1932, mtoto wa kadhi, lakini shahada zake za juu ni za sheria za Kizungu, alizozipata London na Paris.

Ikaja 1983. Uchumi ulikuwa umelemaa, madeni yamepanda, na Nimeiri alikuwa ameuvunja mkataba wa Addis Ababa wa 1972 uliowapa watu wa kusini utawala wao. Mwezi Mei wanajeshi wa Bor wakaasi, vita vikaanza. Kisha mahakimu wakagoma baada ya rais kuwashutumu hadharani, na mgomo ule ulimuumbua. Mwezi Septemba akatangaza kwa amri yake mwenyewe sheria za Kiislamu. Chupa za pombe kwa maelfu zikamwagwa katika mto Nile mbele ya kamera. Wanasheria waliozitunga walikuwa watatu tu, na hata Turabi hakuwamo.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo kila kitu kinapoonekana.

Chukueni zinaa. Katika fikihi adhabu yake imefungiwa mlango kwa makusudi. Lazima wapatikane mashahidi wanne waadilifu walioliona tendo lenyewe waziwazi, au mtu akiri mwenyewe, na akikanusha baadaye kukiri kwake, adhabu inaanguka. Wakija mashahidi watatu bila wa nne, wao ndio wanaochapwa mijeledi 80 kwa kusingizia. Aya ya 4 ya Suratun Nur iko wazi. Mahakama za dharura zilizoundwa mwaka 1984 zilikikuta kizuizi hicho, zikakizunguka kwa kubuni kosa jipya: kujaribu kuzini. Mwanamume na mwanamke wasio maharimu wakikutwa pamoja walihukumiwa kwa kosa hilo, wakachapwa, na majina yao yakatangazwa redioni na kwenye televisheni. Kwa kipimo cha Suratun Nur, waliokuwa wakistahili kuulizwa mashahidi wanne ni wasomaji wa taarifa ya habari.

Chukueni wizi. Mkono haukatwi kwa kila kilichoibwa. Thamani yake lazima ifike kiwango, robo dinari ya dhahabu kwa Shafi na Maliki, yaani kama gramu moja, na dirhamu 10 kwa Hanafi. Lazima kiwe kimetolewa kwa siri mahali palipohifadhiwa kulingana na kitu chenyewe. Mwizi asiwe na fungu lolote katika mali hiyo, na ndiyo maana mafakihi wengi walisema aliyeiba Baitul Mali, hazina ya umma, hakatwi, kwa kuwa naye ana haki ndani yake. Ataadhibiwa kwa adhabu nyingine. Palipo na shaka, adhabu ya hudud, yaani iliyowekewa kipimo maalumu na dini, huondolewa. Sheria ya Nimeiri iliifafanua hudud ya wizi bila sharti la mahali pa hifadhi, na wafanyakazi waliofuja mali ya umma walikatwa mikono.

Na lipo kubwa kuliko hilo. Sayyidna Umar aliisimamisha adhabu ya kukata mkono katika mwaka wa ukame, kwa sababu mwenye njaa ana udhuru. Mwaka 1984 Darfur na Kordofan zilikuwa na njaa kali, watu wanatembea kwa miguu kutafuta chakula, na serikali ilikuwa inaikana njaa hiyo. Mwaka huohuo mahakama za Khartoum zilikuwa zinakata mikono.

Basi nani aliyekuwa akiifuata sharia pale? Sadiq al-Mahdi, mjukuu wa ukoo wa Mahdi na Imamu wa Ansari baadaye, alisema sheria zile hazikuwa na thamani ya wino ulioziandikia. Alifungwa. Wana harakati wa Turabi, waliojua fikihi vya kutosha kuona yale masharti yaliyorukwa, waliziunga mkono. Hesabu yao ilikuwa ya kichama: sheria mbovu yenye jina la Uislamu ni ngazi, kuipinga ni kuitupa ngazi. Nimeiri naye alikuwa na hesabu yake. Katikati ya 1984 alipeleka bungeni mabadiliko ya katiba yatakayomfanya Imamu wa kupewa baia, kiapo cha utii, na hata bunge lake la chama kimoja likasita.

Jambo la Mahmoud Mohamed Taha linafahamika, nitaligusa kwa upande wa utaratibu wake tu. Alikuwa mhandisi, mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye tafsiri yake ya dini ambayo wanazuoni wengi waliikataa na wana haki ya kuikataa. Tarehe 25 Desemba 1984 kundi lake lilitoa karatasi kutaka sheria za Septemba zifutwe na vita vya kusini visimame. Alishtakiwa kwa makosa dhidi ya dola. Mahakama ya kwanza ilimaliza kazi kwa muda mfupi mno. Mahakama ya rufaa ndiyo iliyoongeza kosa la kuritadi, yaani kuacha dini, ambalo halikuwamo kwenye kanuni ya adhabu ya 1983 na hakuwa ameshtakiwa nalo. Rais akathibitisha, na Ijumaa ya tarehe 18 Januari 1985 akanyongwa katika gereza la Kober. Wafuasi wanne walipewa siku tatu za kutubu, wakaonyeshwa kwenye televisheni wakitubu. Novemba 1986, baada ya Nimeiri kung'olewa, Mahakama Kuu ya Juu iliifuta hukumu ile. Yaani mahakama za Sudan zenyewe zilisema mtu aliuawa kinyume cha sheria.

Nimeiri aliwafunga wana harakati mwezi Machi 1985, akawasingizia mabaya yote, na tarehe 6 Aprili naye akaondoka. Katika uchaguzi wa 1986 chama cha Turabi, National Islamic Front, kilipata viti 51 na kikawa cha tatu. Turabi mwenyewe alishindwa katika jimbo lake Khartoum. Si matokeo mabaya kwa chama cha wasomi, lakini kwa kura wasingeshika nchi leo wala kesho. Waliokuwa mbele yao ni vyama vyenye mizizi katika Ansari na katika twarika ya Khatmiyya, Waislamu wa Sudan wenyewe, watu wa zikri na maulidi. Hilo lisisahaulike mtu anaposema harakati ilikuja kuuleta Uislamu Sudan. Uislamu ulikuwapo, umeshiba, na ulipiga kura kwingine.

Sadiq al-Mahdi alikuwa waziri mkuu miaka mitatu, na sheria ambazo hazikuwa na thamani ya wino wake hakuzifuta. Aliogopa kuitwa adui wa sharia. Huu ndio mtego wenyewe: sheria ya namna hii ni rahisi kuitangaza kwa asubuhi moja, lakini kuifuta kunahitaji mwanasiasa aliye tayari kuitwa kafiri kila Ijumaa. Katikati ya 1989 serikali yake hatimaye ilikaribia kuzisimamisha hudud kama sehemu ya amani na waasi wa kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni, Brigedia Omar Hassan al-Bashir akapindua nchi. Turabi alipelekwa Kober pamoja na wanasiasa wengine, akakaa miezi kadhaa. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba walipanga hivyo: Bashir aende ikulu awe rais, yeye aende jela awe mfungwa, ili dunia isijue mapinduzi ni ya nani. Utawala uliotaka kujenga jamii ya ukweli ulianza kwa uongo uliopangwa mezani.

Wakaja na sera waliyoiita tamkin, yaani kuimarisha. Jina limetolewa katika aya ya 41 ya Suratul Hajj, inayowasifu wale ambao Mwenyezi Mungu akiwaimarisha katika ardhi husimamisha sala, hutoa zaka, huamrisha mema na hukataza maovu. Katika ofisi za Khartoum ilikuwa na maana ya kiutumishi. Mfanyakazi wa serikali alipewa barua ya kuachishwa "kwa maslahi ya umma," bila kosa wala rufaa, na kiti chake kikapewa mtu wa harakati. Walioachishwa ni maelfu kwa maelfu: maofisa wa jeshi, mahakimu, mabalozi, madaktari, wahandisi wa reli. Wengi wao walikuwa Waislamu wa kusali msikitini. Hawakuwa watu wa chama.

Wapinzani walipelekwa kwenye nyumba za siri za mateso ambazo Wasudan walizipa jina la nyumba za mizimu. Desemba 1989 kijana wa familia ya wafanyabiashara, Majdi Mahjoub, alinyongwa kwa kosa la kukutwa na fedha za kigeni nyumbani. Aprili 1990, mwishoni mwa Ramadhani, maofisa 28 wa jeshi walipigwa risasi baada ya kesi ya haraka kwa kujaribu kupindua serikali iliyoingia kwa kupindua serikali.

Zaka nayo iliingizwa katika dola. Mafungu manane ya wanaoipokea yametajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, na mawili kati yake ndiyo mlango: wale wanaoitumikia, na "katika njia ya Mwenyezi Mungu." Mkusanyaji akiwa serikali, fungu la wanaoitumikia linakuwa mishahara na ofisi za idara, na fungu la njia ya Mwenyezi Mungu linakuwa lolote serikali inaloliita hivyo, vita vikiwamo. Mfanyabiashara anayehitaji karatasi ya Diwani ya Zaka ili shughuli zake ziende hatoi tena ibada. Analipa kodi yenye jina tukufu, na akiichukia kodi, chuki inaangukia wapi? Mashekhe waliopo hapa wanajua jibu.

Vita vya kusini viliitwa jihadi. Kikaundwa Jeshi la Ulinzi wa Umma, wanafunzi wakapelekwa mafunzoni, televisheni ikarusha kipindi cha kusifu mapigano, na kifo cha kijana kikafanyiwa "harusi ya shahidi" yenye sherehe nyumbani kwa wazazi. Turabi alihudhuria.

Lakini pigo la wazi zaidi kwa dai lao ni fatwa iliyotolewa El Obeid mwezi Aprili 1992, kuhusu Milima ya Nuba. Wanuba wengi ni Waislamu, na baadhi yao walikuwa wameingia katika uasi. Fatwa ilisema Muislamu aliyemo katika uasi ni murtadi, asiye Muislamu ni kafiri anayezuia daawa, kulingania dini, na wote wawili Uislamu umeruhusu wauawe. Tazameni kilichofanyika. Mtu anasali, anafunga, anashahadia, na ameritadi kwa sababu ya upande aliouchukua katika ugomvi na serikali. Misikiti ya Wanuba ilivunjwa na jeshi lililosema linapigana kwa ajili ya Uislamu. Jambo lile la tatu katika itikadi, nililolitaja mwanzo, limefika hapa mwisho wake: chama kimechukua nafasi ya shahada.

Desemba 1999 Bashir na Turabi wakagombana. Sababu haikuwa akida wala fikihi. Turabi, akiwa spika, alitaka bunge limpunguzie rais madaraka, na mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwezi Agosti mwaka uleule. Bashir akalivunja bunge kwa vifaru. Februari 2001 chama kipya cha Turabi kilisaini makubaliano huko Geneva na waasi walewale wa John Garang ambao vijana walikuwa wametumwa kuwapiga jihadi, na Turabi akakamatwa siku chache baadaye. Akaanza kusema waliokufa kusini hawakuwa mashahidi. Wazazi waliokuwa wamepika pilau ya harusi ya shahidi waliyasikia haya kutoka kwenye kinywa kilekile.

Kisha Darfur, 2003. Darfur ni Waislamu karibu watu wote, na ni maarufu kwa mahafidhi wa Qur'ani. Baadhi ya viongozi wa uasi wa kule walitoka ndani ya harakati yenyewe, wamechoka kuona vyeo vya taifa vikigawiwa kwa makabila machache ya bonde la Nile. Serikali iliwajibu kwa ndege za kivita na wanamgambo. Ukimuuliza mtu wa itikadi kwa nini dola ya Kiislamu ilichoma vijiji vya Waislamu, atakujibu kwa habari za usalama wa taifa, mipaka na njama za nje. Ni majibu ya dola yoyote. Hilo nalo ni ushahidi.

Swali la sharia Sudan lilipata jibu la kimaandishi Kenya. Itifaki ya Machakos ya tarehe 20 Julai 2002, chini ya msuluhishi Jenerali Lazaro Sumbeiywo, iliiachia kaskazini sharia na kuiondolea kusini, na kuwapa watu wa kusini haki ya kura ya maoni. Mkataba kamili ulisainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mwaka 2011 zaidi ya asilimia 98 ya wapiga kura wa kusini walichagua kuondoka. Chama kilichodai kueneza daawa hadi katikati ya Afrika kilipoteza robo hivi ya ardhi ya nchi.

Kuna majibu mawili ya haraka kwa haya yote, na yote mawili nayakataa. La kwanza: "Ule haukuwa Uislamu wa kweli." Hili humwokoa msemaji, lakini halimsaidii kitu aliyekatwa mkono. Waliofanya walikuwa Waislamu, walitumia aya na hadithi, na baadhi ya hukumu walizozitaja zimo vitabuni, ikiwamo ya murtadi. Wanazuoni wana kazi ya kufanya hapo na haifai kuikimbia kwa sentensi moja. La pili: "Huo ndio Uislamu wenyewe." Hili linasahau kwamba waliopinga mapema kwa hoja za ndani ya dini walikuwa Waislamu, waliouawa walikuwa Waislamu kwa wingi, na kwamba kila mara masharti ya sharia yalipogongana na haja ya chama, kilichosogezwa pembeni ni sharia: mashahidi wanne, sharti la hifadhi, udhuru wa njaa, damu ya mwenye kushahadia.

Wako wana harakati walioiona hatari hii. Hassan al-Hudaybi, kiongozi wa Ikhwani baada ya al-Banna, alipinga mtindo wa kuwakufurisha watu akisema wao ni walinganiaji, si mahakimu. Tunisia, chama cha Ennahda cha Rached Ghannouchi kilikubali katiba ya 2014 isiyotaja sharia, na mwezi Mei 2016 mkutano wake mkuu ukatenganisha daawa na siasa: aliye kiongozi wa chama asiwe imamu wala mhubiri. Mtu anaweza kusema ni ujanja wa kura. Huenda. Lakini kanuni inayomkataza mbunge kupanda mimbari inaweza kukaguliwa, na nia ya moyo haiwezi.

Turudi Sudan tumalizie. Maandamano yaliyoanza Desemba 2018 kwa bei ya mkate yalimng'oa Bashir tarehe 11 Aprili 2019. Katika makazi yake zilikutwa euro milioni 6.9, dola 351,000 na pauni za Sudan kwa mamilioni. Desemba mwaka huo alipewa miaka miwili katika nyumba ya marekebisho, kwa kuwa amepita umri wa miaka 70, kwa ufisadi na kumiliki fedha za kigeni kinyume cha sheria. Kosa la fedha za kigeni, mtakumbuka, ndilo lililomnyongesha Majdi Mahjoub chini ya utawala wake.

Hati ya katiba ya Agosti 2019 haikuitaja sharia kuwa chanzo cha sheria. Novemba mwaka uleule ikafutwa sheria ya utulivu wa umma iliyokuwa ikiwakamata wanawake kwa mavazi yao. Julai 2020 kikafutwa kifungu cha 126 cha kanuni ya adhabu ya 1991, cha kifo kwa murtadi, na adhabu ya viboko ikapunguzwa sana. Hakuna msikiti uliofungwa kwa sababu hiyo. Zikri ya Ijumaa kwenye kaburi la Sheikh Hamad al-Nil, Omdurman, iliendelea kama ilivyokuwa kabla ya Nimeiri. Yaliyoivuruga Omdurman baadaye ni mapinduzi ya tarehe 25 Oktoba 2021 na vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023 baina ya jeshi na RSF, kikosi kilichozaliwa na wanamgambo wa Darfur waliolelewa na utawala uleule. Katika vita hivyo wana harakati wa zamani wamerudi na bunduki upande wa jeshi, katika vikosi kama kile kilichochukua jina la sahaba al-Baraa ibn Malik, na atakayeandika katiba ijayo ya Sudan atawakuta mezani.

Nimesimama muda wa kutosha. Maswali sasa, na kama mwenyekiti ataniruhusu, tuanze na walimu wa madrasa.